Udaktari bingwa wa magonjwa ya akili na safari ya kufikia kliniki binafsi, Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wanaouliza kila mara: wanafunzi wa udaktari wa Moshi, madaktari tarajali, matabibu wa wilayani, wazazi wenye mtoto anayetaka fani hii, na madaktari bingwa wapya wanaofikiria kufungua kliniki. Majibu yanatokana na kazi yangu ya miaka mingi katika wodi na baadaye katika kliniki yangu mwenyewe hapa Arusha. Palipo na jambo lililokwisha kuelezwa kwingine, nimemwelekeza msomaji kwenye namba ya swali husika.

## Misingi ya fani

1. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili anatofautianaje na mwanasaikolojia?

Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari wa binadamu kwanza. Amesoma mwili mzima, amezalisha, ameshona majeraha, ametibu malaria, ndipo akabobea katika magonjwa ya akili. Kwa sababu hiyo anaweza kupima mwili, kuagiza vipimo vya damu, kuandika dawa na kumlaza mgonjwa. Mwanasaikolojia tiba amesomea saikolojia na hutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu maalumu, lakini haandiki dawa. Mshauri nasaha humsaidia mtu kukabili tatizo la maisha, kama vile msiba, ndoa au ajira, na humpeleka mbele anapoona dalili za ugonjwa.

Asisahauliwe muuguzi wa afya ya akili. Katika wilaya nyingi yeye ndiye anayeshikilia kliniki nzima, anawajua wagonjwa kwa majina na kwa majina ya mama zao, na daktari bingwa asiyejifunza kwake atachelewa sana kuijua kazi.

2. Kwa nini watu wenye kifafa nao huja kwa daktari wa akili?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si wa akili, lakini nchini kwetu kliniki za afya ya akili ndizo zilizozoea kuwatunza wenye kifafa, kwa kuwa madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache sana. Daktari Louise Jilek-Aall alianza kliniki ya kifafa kule Mahenge tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwendo huo wa kuwahudumia karibu na nyumbani kwao ndio tunaoufuata hadi leo. Ukianza kazi utaona mikono yenye makovu ya moto kwa watu walioangukia mafiga wakati wa degedege. Makovu mengi kati ya hayo yangezuilika kwa kidonge cha bei ndogo kinachomezwa kila jioni bila kukosa.

3. Je, ni kweli kwamba madaktari wa fani hii ni wachache?

Ni kweli. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na madaktari bingwa wa magonjwa ya akili wanahesabika kwa makumi, wengi wao wakiwa Dar es Salaam na Dodoma. Huduma yenyewe ilianza na mawazo ya kuwatenga wagonjwa: Hospitali ya Mirembe ilianzishwa Dodoma mwaka 1927, na Lutindi, katika milima ya Usambara, imehudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani.

Mkoa wa Kilimanjaro una nafasi yake katika mabadiliko yaliyofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpango wa taifa wa afya ya akili ulipojaribiwa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mikoa iliyochaguliwa ilikuwa Kilimanjaro na Morogoro, na lengo lilikuwa kuipeleka huduma kwenye zahanati na vituo vya afya vya karibu. Kijana anayeanzia Moshi leo anaingia katika kazi iliyokwisha kulimwa na wengine, na ningependa alijue hilo.

## Masomo

4. Safari nzima huchukua miaka mingapi?

Baada ya kidato cha sita, shahada ya udaktari wa binadamu ni miaka 5, utarajali ni mwaka 1, na shahada ya uzamili ya ubingwa ni miaka 3. Jumla ni miaka 9 kwa uchache. Ukiongeza miaka ya kufanya kazi kati ya utarajali na ubingwa, ambayo nakushauri usiikwepe, jumla hufika 11 au 12.

Kidato cha sita kiwe cha Fizikia, Kemia na Biolojia. Viwango vya ufaulu vinavyotakiwa hutangazwa katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu wa kila mwaka, kwa hiyo usome mwongozo wa mwaka wako na si wa kaka yako. Wakati wa utarajali unakuwa na usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Ukiumaliza vizuri unapata usajili kamili, ambao ndio mlango wa kila kitu kinachofuata.

5. Nisome wapi?

Shahada ya kwanza inaweza kusomwa katika vyuo vingi, na kwa walio Kaskazini chuo cha KCMC mjini Moshi ndicho cha karibu zaidi. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 na ni hospitali ya rufaa ya kanda, hivyo mwanafunzi huona wagonjwa waliotoka Kilimanjaro, Arusha, Manyara na Tanga. Kwa ubingwa wa magonjwa ya akili, chuo kikongwe nchini ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Wapo pia Watanzania waliosomea Nairobi na Makerere, ambako ubingwa huu nao ni wa miaka 3.

6. Mimi ni tabibu mwenye stashahada. Je, nimeshachelewa?

Hujachelewa. Stashahada ya utabibu yenye ufaulu mzuri, pamoja na masomo ya sayansi ya kidato cha nne, ni njia inayokubalika ya kuingia shahada ya udaktari. Wenzangu waliopita njia hiyo huwa watulivu zaidi mbele ya mgonjwa mkorofi, kwa sababu walikwisha kukaa peke yao usiku katika kituo cha afya bila mtu wa kumpigia simu.

7. Nani atanilipia ubingwa?

Njia ni tatu: mwajiri, ambaye anaweza kuwa halmashauri, Wizara ya Afya au hospitali ya dini, ufadhili wa taasisi, au fedha zako na za familia. Ukifadhiliwa na mwajiri, soma mkataba wa kurudi kumtumikia hadi mstari wa mwisho kabla ya kusaini, maana ndio utakaoamua ni mwaka gani utaweza kufikiria kliniki yako. Nimeona mtu akikodi chumba mjini ilhali alikuwa bado anadaiwa miaka ya utumishi, na kodi ile ikapotea.

8. Miaka 3 ya ubingwa hufundisha nini hasa?

Hufundisha magonjwa yenyewe, yaani skizofrenia, baipola, sonona, magonjwa ya wasiwasi, uraibu, magonjwa ya akili ya watoto na ya wazee. Hufundisha dawa na madhara yake, tiba ya mazungumzo, sheria, magonjwa ya ndani na ya mishipa ya fahamu kwa kiasi cha kutosha kumtambua mgonjwa asiye wako. Pia utaandika tasnifu ya utafiti, na tasnifu ndiyo inayowachelewesha wengi, kwa hiyo chagua swali dogo linaloweza kujibiwa na wagonjwa unaowaona kila wiki.

Kilicho kigumu zaidi hakimo katika vitabu, nacho ni kuuliza na kunyamaza. Siku moja nikiwa mwanafunzi nilimhoji mama aliyekuwa halali wala hali. Nilikuwa na fomu na nilikuwa na haraka, nikauliza maswali 20 na kupata majibu 20 ya «ndiyo» na «hapana». Mwalimu wangu akavuta kiti, akakaa pembeni ya yule mama bila kushika kalamu, akasema tu, «Pole, mama.» Akangoja. Nadhani zilipita dakika mbili nzima. Yule mama akaanza kukunja na kukunjua ncha ya khanga yake, kisha akatuambia habari ya mtoto aliyezikwa bila yeye kuuona mwili. Utambuzi ulikuwa pale, na fomu yangu isingeufikia kamwe.

Jifunze pia kuisikia lugha ya ugonjwa kama inavyosemwa. Wagonjwa wetu wengi wenye sonona hawasemi wana huzuni. Wanasema moyo unawaenda mbio, kichwa kinawaka moto, mwili umeisha nguvu, kuna vijidudu vinavyotembea kichwani. Daktari anayesubiri neno «huzuni» atawaandikia dawa za vidonda vya tumbo mwaka mzima.

9. Niliwahi kuugua sonona mimi mwenyewe. Naweza kuisomea fani hii?

Unaweza. Endelea na matibabu yako, uwe na daktari wako ambaye si mwalimu wako wala rafiki yako, na umwambie mapema zamu za usiku zinapoanza kukuharibia usingizi.

10. Je, kusoma nje ya nchi au kuchukua ubingwa bobezi kuna faida?

Kuna faida kama unarudi na kitu ambacho hapa hakipo. Afya ya akili ya watoto ni mfano mzuri, na Chuo Kikuu cha Cape Town kimekuwa kikiwafundisha madaktari wa Afrika katika eneo hilo. Uraibu ni mfano wa pili: tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini ilianza Muhimbili mwaka 2011, na tangu hapo mahitaji ya wataalamu yamezidi wataalamu waliopo.

Ukienda Uingereza au Marekani kuanza ubingwa upya, fahamu kwamba Marekani ni miaka 4 baada ya mitihani ya leseni, na Uingereza ni 6 baada ya mafunzo ya awali. Wengi wanaoondoka kwa njia hiyo hawarudi, na siwalaumu, ila swali la kliniki ya Arusha huwa limekwisha hapo.

## Kabla ya kufungua mlango wako

11. Nikihitimu tu, nifungue kliniki?

Hapana. Hili ndilo jibu ninalolisisitiza kuliko mengine yote katika ukurasa huu. Wodi ya hospitali kubwa inakukinga: kuna muuguzi wa zamu, kuna maabara, kuna mwenzako wa kumuuliza, na mgonjwa akibadilika saa nane za usiku kuna mtu anayemwona. Katika kliniki binafsi uko wewe, karani wa mapokezi na simu yako. Makosa madogo ambayo wodini yangesahihishwa asubuhi kwenye ripoti, huku hayasahihishwi na mtu.

Fanya kazi kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kanda kwa miaka 3 hivi baada ya ubingwa. Hapo utapata mambo mawili ambayo fedha hazinunui. La kwanza ni wagonjwa uliowafuatilia kwa miaka, ukaona nani alipona, nani alirudi, na nani aliacha dawa kwa sababu ya aibu ya kunenepa. La pili ni kujuana na madaktari wengine, maana kliniki binafsi ya akili huishi kwa rufaa. Daktari wa moyo anayekuamini ndiye atakayekuletea mfanyabiashara ambaye moyo wake umepimwa mara 4 na hauna kasoro.

12. Nikiwa mwajiriwa, naruhusiwa kuwa na kliniki ya jioni?

Inawezekana kwa kibali cha mwajiri na nje ya saa zake za kazi. Vijana wengi hawajui kwamba sheria ya 1977 ilipiga marufuku huduma za afya za kibiashara, na kwamba ni marekebisho ya 1991 yaliyoruhusu tena daktari kujiajiri. Wazee wetu wengi hawakuwa na chaguo hili kabisa.

Kuna mpaka mmoja usiovukwa: usimhamishe mgonjwa wa hospitali ya umma kwenda kliniki yako. Matibabu ya magonjwa ya akili katika hospitali za umma yamo katika sera ya msamaha wa malipo, na mgonjwa uliyemvuta kwako atalipa miezi mitatu, fedha zitamwishia, ataona haya kurudi kule alikotoka, na ataacha dawa.

13. Arusha au Moshi?

Moshi ina hospitali za KCMC na Mawenzi, kwa hiyo ushauri wa kitaalamu upo karibu, lakini mji ni mdogo na watu wanajuana kwa koo na kwa vijiji vya mlimani. Mtu wa Marangu atapita kliniki ya Moshi aende Arusha ili asionekane. Pombe, kuanzia mbege ya nyumbani hadi ya dukani, itakuwa sehemu kubwa ya kazi yako huko.

Arusha ina watu wa aina nyingi zaidi: wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, watu wa utalii ambao msimu ukiharibika usingizi nao unaharibika, na wanaapolo, yaani wachimbaji wa tanzanite wa Mererani, wanaoweza kukaa mgodini miaka bila kupata jiwe na wakalipata kisha likawaponyoka kwa wiki moja. Kodi ni kubwa zaidi, ushindani si mkubwa. Mimi nilichagua Arusha, na bado naamini Moshi inahitaji kliniki nyingine.

## Kufungua kliniki

14. Nyaraka gani zinahitajika?

Kwa upande wa taaluma: usajili wako wa ubingwa katika Baraza la Madaktari Tanganyika na leseni hai ya mwaka husika, ambayo haihuishwi bila mafunzo endelevu. Kwa upande wa kituo: usajili wa kituo binafsi cha afya, ambao huanzia kwa mganga mkuu wa wilaya na wa mkoa kwa ukaguzi. Kwa upande wa biashara: jina la biashara au kampuni kutoka BRELA, namba ya mlipakodi kutoka TRA, na leseni ya biashara. Kwa upande wa siri za wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti (tazama swali la 22).

Anza na mganga mkuu wa wilaya kabla ya kulipia kodi. Yeye ndiye atakayekuambia kama jengo unalolitaka litapita ukaguzi.

15. Nitafute jengo la namna gani?

Nilipoanza, mwenye nyumba mmoja alinipokea vizuri, tukakubaliana kodi ya miezi 6, na nikapaka rangi kwa fedha yangu. Siku aliyoona kibao chenye maneno «magonjwa ya akili» alinirudishia fedha ya kodi na kuniambia kwamba wapangaji wake wengine wana watoto. Rangi haikurudishwa. Tangu hapo ninamweleza mwenye nyumba kazi yangu kwa maneno kamili siku ya kwanza, na ninaandikishana naye.

Jengo zuri liko karibu na njia ya daladala, lakini mlango wake hauangaliani na kituo. Liwe na milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea, ili anayetoka akilia asipite mbele ya wanaosubiri. Kuta zisivujishe sauti; simama mapokezi na umwombe mtu asome gazeti ndani kwa sauti ya kawaida, ukisikia neno hata moja tafuta chumba kingine. Ndani ya chumba cha mazungumzo, kiti chako kiwe karibu na mlango kama cha mgonjwa, ili asiwepo kati yenu anayehisi amezibiwa njia.

Mgonjwa wangu mmoja wa mwanzo alikaa ndani ya gari na mama yake kwa saa nzima, vioo vimefungwa, wakingoja kibaraza kiishe watu. Niliwaona kupitia dirishani. Wiki iliyofuata nilibadilisha ratiba, nikaacha nusu saa kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kipato kilipungua kidogo, lakini yule kijana hakukosa siku yake hata moja mwaka ule.

16. Nitoze kiasi gani?

Piga hesabu kutoka chini kwenda juu. Tuseme kodi ni shilingi 500,000 kwa mwezi, mishahara ya karani na muuguzi 900,000, umeme, maji, intaneti na ulinzi 200,000. Hiyo ni 1,600,000 kabla wewe hujala. Ikiwa kila hudhurio lina wastani wa shilingi 30,000, unahitaji mahudhurio 54 kwa mwezi ili tu mlango ubaki wazi, yaani wawili hadi watatu kwa kila siku ya kazi. Miezi ya mwanzo hutawapata. Uwe na akiba ya gharama za miezi 6, mbali na kodi, kwa kuwa kodi yenyewe wenye nyumba huitaka kwa miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo.

Usijaribu kufidia kwa kuona wagonjwa 20 kwa siku. Hudhurio la kwanza linahitaji saa nzima, la marudio dakika 30. Anayelipa ili asikilizwe na kisha akapewa dakika 5 hatarudi, na atawaeleza wengine.

17. Je, niingie mkataba na bima?

Ingia, lakini usiijenge kliniki juu yake. Madai hulipwa kwa kuchelewa, na bima imezoea kipimo na dawa kuliko dakika 50 za mazungumzo. Bima moja iliwahi kunikatalia madai ya miezi miwili kwa sababu ya kasoro za uandishi wa fomu, na makosa mengine yalikuwa yangu. Kuanzia siku ya kwanza, karani ajue kujaza fomu kuliko wewe. Mweleze pia mgonjwa kwamba utambuzi utaandikwa kwenye fomu hiyo. Wengine watapenda kulipa taslimu, na huo ni uamuzi wao.

18. Niweke dawa gani, na vifaa gani?

Vifaa ni vichache: mashine ya presha, mizani, kipima sukari, na makubaliano na maabara ya karibu. Mizani na kipima sukari si mapambo, kwa sababu olanzapini, dawa ya skizofrenia, huongeza uzito na sukari, na anayetumia lithiamu kwa baipola lazima apimwe kiwango chake katika damu, figo na tezi ya shingo.

Kuhusu dawa, napendekeza uandike na mgonjwa anunue famasi, isipokuwa kama una mfamasia na kibali kinachostahili. Diazepamu na fenobarbitali ni dawa zinazodhibitiwa na zina masharti ya kuhifadhi na kuandikwa kwenye rejista. Andika dawa ambayo mgonjwa ataipata hata hospitali ya wilaya siku fedha zikimwishia. Sindano ya kila mwezi ya flufenazini si mpya wala haina sifa mijini, lakini imewaweka watu wengi shambani na kazini kwa miaka.

## Mambo magumu

19. Mgonjwa akiletwa kwa nguvu, amefungwa kamba?

Mfungue, ukiwa na watu wa kutosha, mkague mikono iliyokatwa na kamba, mpe maji, na mpime mwili kwanza. Malaria kali na homa ya uti wa mgongo huja kwa sura hiyohiyo. Kisha ampeleke nani wapi ni suala la sheria. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inatofautisha anayelazwa kwa ridhaa na asiye na ridhaa, na kliniki ya wagonjwa wa nje si mahali pa kumzuia mtu. Uwe na namba ya wodi ya akili ya hospitali ya rufaa, uwe umezungumza nao kabla, na uandike barua ya rufaa inayosomeka.

20. Na aliyejaribu kujiua?

Kama amekunywa sumu, hasa dawa za wadudu ambazo huku kwenye mashamba ya kahawa na mboga zipo kila nyumba, hospitali kwanza, mazungumzo baadaye. Kanuni ya Adhabu inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu ya polisi huwafanya ndugu wafiche. Wewe ni daktari. Uliza waziwazi na kwa upole, kwani kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Andika dawa za wiki moja au mbili tu, zishikwe na ndugu, na uepuke amitriptilini, dawa ya sonona, kwa kipindi hicho, kwa sababu ikimezwa kwa wingi huua kwa kuharibu mapigo ya moyo.

21. Mgonjwa anaenda pia kwa mganga au kwenye maombi. Nimkataze?

Usimkataze kuomba. Ukimkataza atachagua, na mara nyingi hatakuchagua wewe. Uliza anapewa nini, kama ananyweshwa mitishamba pamoja na dawa zako, na kama kuna mtu amemwamuru aache dawa ili kuonyesha imani. Nimewahi kumpigia mchungaji nikiwa na ruhusa ya mgonjwa, tukakubaliana kwamba yeye aombe na vidonge viendelee. Huyo mchungaji sasa huniletea watu.

22. Nitalindaje siri katika mji ambao watu wanajuana?

Kwa mambo madogo. Ukikutana na mgonjwa sokoni Kilombero, ngoja akusalimie yeye kwanza. Karani asiite jina kamili mapokezi. Ujumbe wa simu wa kukumbusha miadi usitaje neno kliniki. Mafaili yafungwe kwa ufunguo, na ya kompyuta yawe na nywila isiyojulikana na kijana anayekuja kurekebisha mtandao.

Shinikizo kubwa hutoka kwa ndugu wanaolipa. Shangazi aliyetoa fedha za matibabu atataka kujua kila kitu, kwa mapenzi ya kweli. Ninapoanza na mgonjwa mtu mzima, tunakubaliana mbele ya ndugu huyo nini kitasemwa na nini hakitasemwa. Isipokuwa pale maisha yako hatarini, hapo nitasema, na mgonjwa anakuwa amelijua hilo tangu siku ya kwanza.

23. Hoteli imenipigia: mtalii ameshuka Kilimanjaro amechanganyikiwa. Niende?

Waambie wampeleke hospitali sasa hivi, kisha umfuate huko. Anayechanganyikiwa na kuyumba baada ya kupanda juu huenda ubongo wake umevimba kwa kukosa oksijeni, na hiyo ni dharura. Hata ubongo ukiwa salama, deksamethasoni inayotumiwa na wapandaji inaweza kuleta msisimko mkali, na meflokwini ya kukinga malaria inaweza kuleta ndoto mbaya na kuona visivyopo. Ugonjwa wa akili uwe wa mwisho kwenye orodha yako.

24. Mahakama ikiniita?

Tofautisha kumtibu mtu na kumpima kwa ajili ya mahakama. Usifanye yote mawili kwa mtu mmoja. Mshtakiwa anayedhaniwa kuwa hakuwa na akili timamu hupelekwa kuangaliwa katika hospitali ya akili, kwa kawaida Isanga kule Dodoma, na sheria inatoa siku 42 za kuandaa taarifa. Kliniki binafsi zaidi huombwa taarifa za mirathi, ndoa na ajira. Andika ulichokiona na tarehe uliyokiona, uache upande wa nani ana haki.

25. Nikisafiri au nikiugua, wagonjwa wangu wabaki na nani?

Panga hili kabla hujafungua. Mimi na mwenzangu wa Moshi tuna makubaliano ya maandishi: kila mmoja huwaona wa mwenzake, na bei haibadiliki. Kila mgonjwa ana daftari dogo lenye utambuzi, dawa, dozi na tarehe ya sindano inayofuata, lililoandikwa kwa Kiswahili ili muuguzi wa zahanati yoyote aweze kuendelea. Nilipolazwa wiki 3 mwaka fulani, bibi mmoja wa Usa River alilichukua daftari lake, akalifunga kwenye khanga, akaenda nalo zahanati ya karibu na kwake. Alichomwa sindano yake siku ileile iliyoandikwa.